Bega la Kushoto

Kila siku masomo yalipokwisha, binti wa fundi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita uchochoro wa nyuma ya soko, akaruka mfereji wa maji machafu, akaingia gereji ya baba yake kwa mlango wa mabati. Mkoba aliutundika kwenye msumari wake mwenyewe, chini kidogo ya misumari ya spana. Kisha alivaa ovaroli ya bluu aliyoikunja mikono mara nne, akasimama mbele ya baba yake, uso kwa uso, na kusema kwa sauti ya kupasua mabati, "Shikamoo, baba!"

"Marahaba, Sikio langu."

Jina hilo lilikuwa limemganda. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye miguu mirefu ya kukimbilia mpira, na hakuna aliyemwita vingine isipokuwa mwalimu anapoita mahudhurio. Watu walidhani ni utani wa baba na mwana. Hawakujua kwamba lilikuwa jina la kazi.

Fundi alijijengea sifa kwa masikio yake. Watu walisema anasikia ugonjwa wa gari kabla halijaingia getini, na waliopenda kutia chumvi walisema anausikia tangu gari likiwa mtaa wa pili. Hiyo ilikuwa zamani. Gereji yake ilipakana na ya fundi bodi aliyeitwa Mzee Nyundo, na Mzee Nyundo alinyoosha mabati ya magari tangu asubuhi hadi jioni kwa miaka ishirini, kati yao pakiwa na bati moja tu. Nyundo zile zilikula masikio ya fundi kidogo kidogo. Mwanzo hakusikia ndege, baadaye hakusikia simu. Sasa huu ulikuwa mwaka wa nne, na mtu akimsemesha kwa nyuma ni kama anausemesha ukuta.

Hakumwambia mtu. Mkewe alijua na binti yake alijua, basi. Wateja wakizungumza, aliwatazama midomo na kuitikia, "Eeh, eeh." Mteja mmoja alimwambia kwamba amefiwa na mjomba wake, naye fundi akamjibu, "Vizuri sana, njoo naye kesho." Mteja yule hakuonekana tena. Siku hiyo Sikio alicheka mpaka mbavu zikamuuma, kisha akaenda kujificha chooni akalia.

Ndipo walipobuni njia yao. Gari likija na mlio usioeleweka, fundi aliliendesha mwenyewe, na binti yake alikaa kiti cha nyuma, nyuma ya dereva. Mlio ukitoka upande wa kushoto, alimgusa baba bega la kushoto. Ukitoka kulia, bega la kulia. Mguso mmoja ulikuwa mlio mdogo, miguso miwili mkubwa. Kama hakuna kitu, baba alimtazama kwenye kioo cha ndani na kuuliza, "Kimya?" Naye alitamka kwa midomo, polepole ili baba aone, "Kimya."

"Hii ni siri yetu," baba alimwambia. "Watu wakijua fundi hasikii, tumekwisha."

Mtoto alijivunia siri hiyo. Nani mwingine darasani kwao aliyekuwa nusu ya fundi?

Jumatatu moja akaja Mama Mikate. Mwanamke huyu aliishi peke yake, akaoka mikate peke yake, akaisambaza madukani mwenyewe kwa gari lake la kijani lililochoka. Alikanda unga kwa mikono miwili tangu alfajiri, na mikono hiyo ilikuwa minene na yenye nguvu kuliko ya Mzee Nyundo.

"Fundi, gari langu linasaga," alisema. "Huku nyuma. Kama mtu anayetafuna mchanga. Leo linasaga, kesho limenyamaza, kesho kutwa linasaga tena. Nikimpakia mtu ili naye asikie, linakaa kimya kama halijawahi kukosa adabu."

Fundi akalipandisha kwa jeki, akavua magurudumu ya nyuma na kufungua breki. Lainingi, vile vipande vya breki vinavyobana gurudumu, zilikuwa bado nene. Hapakuwa na kijiwe kilichonasa popote, na hendibreki iliachia vizuri. Zamani angezungusha kila gurudumu kwa mkono na kulisikiliza. Sasa alilizungusha akalitazama tu, kisha akalirudisha. Wakatoka kulijaribu, baba mbele, Sikio nyuma. Walizunguka mtaa mzima. Kimya. Siku ya pili wakazunguka tena, mara tatu. Kimya.

"Labda mwenyewe ndiye anayesikia mambo yake," alisema fundi, akicheka kicheko kisicho na raha.

Lakini Sikio hakuridhika. Mama Mikate alipokuja kuuliza habari za gari lake, alimfuata hadi getini.

"Samahani, mama. Siku linaposaga, huwa umebeba nini?"

Mama Mikate akafikiri. "Sasa umenikumbusha. Ni siku za kutoka kinuni. Nakuwa na magunia ya unga."

"Na siku za mikate?"

"Mikate ina uzito gani, mwanangu? Siku za mikate halisemi neno." Alimtazama mtoto kwa mshangao, akamgeukia fundi aliyekuwa amesimama karibu. "Huyu wako ana akili! Usimwache akapotea."

Fundi alisoma midomo ile yote, na uso ukamng'aa kwa fahari. Wakakubaliana kwamba siku ya tatu, Jumatano, gari litajaribiwa likiwa na mzigo. Aliazima mifuko sita ya mchanga kwa wajenzi wa jirani, akaipanga nyuma.

Sasa, Jumatano hiyo hiyo, saa kumi alasiri, mwalimu wa michezo alikuwa anachagua timu ya netiboli. Sikio alikuwa ameisubiri siku hiyo muhula mzima. Alikuwa amefanya mazoezi ya kurusha mpira kwenye rimu kuukuu aliyoitundika ukutani. Alimwambia baba mapema, na baba akasema, "Usijali, tutazunguka mara moja tu, utawahi."

Waliondoka gereji saa tisa na nusu. Barabara ilinyooka, gari likaenda kimya. Wakakata kona ya kushoto, kimya. Wakashuka mteremko wa kuelekea ghalani, na baba akakata kona ya kulia. Mzigo wote ukalalia magurudumu ya kushoto.

*Grrrr.*

Ulikuwa mlio mfupi, mkavu, chini kabisa, upande wa kushoto nyuma. Kona ilipokwisha, nao ukakoma.

Sikio alikuwa ameusikia vizuri, kama unavyosikia mtu akikuita jina. Alijua hata maana yake, kwa kuwa baba alikwisha kumfundisha: gari likikata kulia, uzito hukimbilia kushoto, na kinachosaga hapo ni beringi, ule mviringo wa vyuma vidogo unaobeba gurudumu. Mkono wake ukainuka kuelekea bega la kushoto la baba.

Halafu akafikiria kitakachofuata. Baba angerudi mbio gereji. Angepandisha gari, angefungua habu, kile kitovu cha gurudumu, na nani angeshika tochi? Nani angepangusa grisi na kupokea spana? Ingefika saa kumi na mbili. Mwalimu angefunga daftari lake, na timu ingekwenda bila yeye. Beringi haifi kwa siku moja, alijiambia. Wiki ijayo gari litasaga tena, Mama Mikate atalirudisha, naye atausikia "kwa mara ya kwanza". Nani atadhurika?

Mkono ukarudi mapajani.

"Kimya?" aliuliza baba, macho kwenye kioo.

Midomo ya Sikio ikatamka, polepole, "Kimya."

Saa kumi kasoro dakika tano alikuwa uwanjani, amevua ovaroli, anakimbia. Na jioni hiyo Mama Mikate alikabidhiwa ufunguo wake. "Gari lako ni zima," alisema fundi. "Tumelijaribu na mzigo kama ulivyosema. Endesha bila wasiwasi."

Jumanne iliyofuata, Sikio alipoingia gereji, alimkuta Mzee Nyundo amesimama mlangoni. Hana nyundo mkononi. Jambo hilo peke yake lilimtisha.

"Mama Mikate amepata ajali," alisema Mzee Nyundo, akipiga kelele ili fundi asikie, maana alidhani ni kelele za gereji tu zinazomzuia. "Kwenye mteremko wa ghala! Alikuwa anatoka kinuni na magunia yake. Anakata kona, gurudumu la nyuma likafunga, gari likazunguka, likabamiza ukuta. Mkono wake wa kulia umepondeka. Yuko hospitali."

Kona ile ile, Sikio alijiambia.

Gari la kijani lilivutwa hadi gereji likiwa limebonyea ubavu mzima, na unga umetapakaa viti vyote. Fundi alifungua gurudumu la kushoto la nyuma kwa shida, akatoa beringi, akaiweka juu ya gazeti. Ilikuwa nyeusi kama mkaa. Grisi yote ilikuwa imeungua, na vile vyuma vidogo vilikuwa vimelika vikawa na vishimo.

"Hii haikuharibika leo," alisema taratibu. "Ilikuwa inalia wiki nyingi." Akamgeukia binti yake. "Siku ile ya mchanga, ilikuwa kimya, siyo?"

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini midomo ikajitamkia yenyewe, "Kimya, baba."

Sikio alingoja kofi, alingoja ukali, alingoja chochote. Badala yake macho ya baba yalijaa maji.

"Basi yamekupata na wewe," alisema. "Hizi nyundo. Mlio kama huu mtu mwenye masikio mazima hawezi kuukosa. Nimekuleta humu kila siku, mtoto mdogo, kwa ajili ya kuficha aibu yangu, na sasa masikio yako nayo yanakufa. Nisamehe, mwanangu. Kesho nakupeleka ukapimwe. Na gereji hii usiikanyage tena."

Hayo yalimuuma kuliko kofi. Usiku alisikia kila kitu: bomba likidondosha, mama akigeuka kitandani, baba akiugulia chumba cha pili. Masikio yake yalikuwa mazima, na hakuwahi kuyachukia hivyo.

Kesho yake, kabla ya kumpeleka kupimwa, baba alipitia wodi ya wanawake. Mama Mikate alikuwa ameegemea mto. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kuanzia vidole hadi kiwiko, umelazwa juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine.

"Daktari anasema hautakunja ngumi tena," alisema baada ya salamu. "Lakini simlaumu mtu, fundi. Wewe ulilijaribu gari likawa zima. Ni mimi. Nilizidisha gunia moja siku ile. Tamaa yangu imeniponza."

Fundi aliyasoma maneno hayo midomoni mwake, akatikisa kichwa. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote nje ya nyumba yake.

"Si gunia, mama. Ni mimi. Mimi sisikii. Ni mwaka wa nne huu. Magari nayasikia kwa masikio ya mtoto, yeye hunigusa bega. Nilikuficha wewe, nikawaficha wote. Na mtoto mwenyewe nimemharibu, naye hasikii vizuri sasa, ndiyo maana hakuusikia mlio ule. Usijilaumu. Nilaumu mimi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna.

Sikio alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba. Alitaka kusema lakini baba asingesikia, maana alikuwa amempa mgongo. Akainua mkono, akamgusa bega la kushoto. Mara moja. Kisha akagusa tena.

Fundi aligeuka polepole sana.

"Lini?" aliuliza.

"Siku ile ya mchanga," alisema Sikio, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Kwenye kona ya ghala. Niliusikia, baba. Masikio yangu mazima. Nilisema kimya ili niwahi netiboli."

Baba alijishika paji la uso. Aliyesema ni Mama Mikate.

"Ulichaguliwa?"

Sikio hakuelewa.

"Timu. Nakuuliza, walikuchagua?"

"Ndiyo, mama. Mchezaji wa akiba."

Mama Mikate aliutazama mkono wake uliofungwa. "Wa akiba," alirudia. Kisha akageuza uso upande wa ukutani. "Mpeleke mtoto wako nyumbani, fundi. Sitaki kusema neno nitakalolijutia."

Walirudi kwa miguu. Njia nzima baba hakumshika mkono, naye hakuthubutu kumsogelea. Walipofika gereji, fundi alichukua kopo la rangi nyeupe na brashi, akaandika kwenye mlango wa mabati kwa herufi kubwa zilizopinda: FUNDI HASIKII. SEMA NAYE USO KWA USO.

Mzee Nyundo alisoma, akasoma tena, akaiangalia nyundo yake. "Miaka yote hii nagonga pembeni yako," alisema, "kwa nini hukuniambia? Si ningehamisha banda!" Na kweli alilihamisha, wiki ile ile, hadi mwisho wa kiwanja. Miaka minne ya siri, na dawa yake ilikuwa sentensi moja kwa jirani. Hata hivyo, masikio yaliyokwisha kuliwa hayakurudi.

Wateja wengine waliona maandishi yale wakageuza magari. Fundi aliwatazama wakienda, akainamia kazi yake. Gari la kijani alilitengeneza bila haraka, jioni baada ya jioni. Siku aliyofunga beringi mpya, alimwita binti yake, aliyekuwa anafagia kimyakimya kwenye kona.

"Njoo. Weka kiganja hapa, kwenye springi."

Sikio akaweka. Baba akazungusha gurudumu kwa nguvu. Chini ya kiganja hapakuwa na kitu, ubaridi wa chuma tu. Kisha baba akafunga kwa muda ile beringi iliyoungua, akazungusha tena. Safari hii springi ilitetemeka kwa mikwaruzo hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Umeuona ugonjwa?" alisema baba. "Hauhitaji sikio hata kidogo. Mwalimu wangu alinionyesha nikiwa kijana, nikamdharau, kwa kuwa nilikuwa na masikio. Ningelifanya hivi siku ile, yule mama angekuwa anakanda unga leo. Sikufanya, kwa sababu wateja wangeniuliza mbona unapapasa badala ya kusikiliza." Alifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu, kidole kimoja kimoja. "Nisikilize, mwanangu. Wewe ulidanganya alasiri moja. Mimi nilidanganya miaka minne, na nikakufundisha kwamba kuficha ni kazi ya kujivunia. Tumeusema uongo sisi wawili, na aliyeulipia ni mtu wa tatu. Uongo huwa hivyo. Usidhani utakuja kugonga kwako kwanza."

Sikio aliacha timu mwenyewe. Kila Jumamosi alikwenda kwa Mama Mikate kuomba amsaidie kukanda. Mara ya kwanza alifungiwa mlango. Mara ya pili aliambiwa, "Mikono yako bado sijaiamini." Mara ya tatu akapewa sinia za kuosha, bila neno.

Miezi miwili ilipita. Siku ya kuchukua gari lake, Mama Mikate alikuja na shali iliyofunika mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vimekakamaa, havifungi wala havifunguki. Mifuko sita ya mchanga ilikuwa imepangwa nyuma. Fundi alishika usukani, Mama Mikate akakaa pembeni yake, na Sikio akakaa pale pale alipokaa siku ile.

Wakashuka mteremko wa ghala. Doa la rangi ya kijani lilikuwa bado ukutani. Baba akakata kona ya kulia, na mzigo ukalalia kushoto.

"Umesikia nini?" aliuliza Mama Mikate, akimtazama kwenye kioo.

"Kimya, mama."

"Fundi, rudia," alisema, akimwonyesha kona kwa kidole.

Walipanda, wakashuka, wakakata kona ile ile. "Kimya, mama." Wakarudia mara ya tatu. Sikio alikuwa anasema kweli, kweli tupu, na kila alipoisema alijiona kama anayeomba kitu ambacho hakipatikani.

"Kimya," alisema kwa mara ya tatu, na kwikwi ikamtoka.

Mama Mikate aligeuka kwenye kiti, akamtazama uso kwa uso. Hakuwa na hasira tena, ila wala hakutabasamu.

"Usilie. Najua unasema kweli," alisema. "Lakini zamani neno lako moja lilinitosha. Niliondoka na ufunguo wangu bila kuuliza mara mbili, na kumbe neno lile la baba yako lilikuwa lako. Siku hizi halinitoshi, na si kwa kuwa nakuchukia. Ukishamdanganya mtu, ukweli wako unakuwa mzito kuubeba. Itabidi uuseme mara nyingi, miaka mingi, bila kuchoka, na huenda siku moja ukaaminika kwa mara moja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Jumamosi njoo. Uje mapema, unga hauningoji." Akageukia mbele, akauweka sawa mkono wake wa kulia kwa kutumia wa kushoto. Kisha akamwonyesha fundi kona kwa kidole, akasema naye uso kwa uso kama mlango wa mabati ulivyoagiza. "Twende tena. Kona ile ile."

Fundi akageuza gari.